Kahawa ya Kivu: faida inabaki wapi kati ya shamba na kikombe?

"Kawa iko bei gani leo?" Hilo njo swali la kwanza la mlimaji wa Kalehe, Idjwi, Masisi, Lubero ao Beni asubuhi ya mavuno. Ni swali la haki, kwa sababu makuta hayo njo minerval ya watoto, njo bati la nyumba, njo dawa ya mgonjwa. Lakini kuna swali lingine ambalo linaulizwa mara chache: bei ya kawa gani?

Kwa sababu kahawa si kitu kimoja. Kuna tunda jekundu, vile linatoka mtini. Kuna mbegu iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa ingali ndani ya ganda lake jeupe, ile wengi wanaita parshi. Kuna mbegu ya kijani iliyokobolewa, ambayo inapanda meli. Na kuna kahawa iliyokaangwa, ile unakuta mu pakiti. Kila mara kahawa inapopita kutoka hatua moja kwenda nyingine, bei yake inapanda. Swali ni moja: nani anafanya hiyo kazi, na nani anabaki na faida yake?

Katika makala haya tunafuata kahawa hatua kwa hatua, na hesabu mkononi, ili kila mlimaji aweze kujipimia mwenyewe.

Kutoka plantation hadi mtumbwi wa usiku

Kahawa ya Arabika ililetwa milimani kwetu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Udongo wa volkano, mvua ya kutosha na baridi ya juu vinaifaa sana: hata Ziwa Kivu lenyewe liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na mashamba mengi yanapanda juu kuliko hapo. Plantation za walowezi zilikuwa na mashine zao za kumenya na matangi ya kuoshea. Halafu mwaka 1973 ikaja zaïrianisation. Mali za wageni ziligawiwa watu ambao wengi hawakujua kazi ya kahawa, na mashine nyingi zikaoza pale pale.

Kazi ikabaki mikononi mwa wakulima wadogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi bado ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 100.000 kwa mwaka, Robusta ikiwa nyingi kuliko Arabika. Lakini mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unalinda bei ulivunjika, bei ikaanguka dunia nzima. Ugonjwa wa kunyausha miti ukamaliza mashamba mengi ya Robusta pande za Isiro na Ituri. Halafu vita. Mavuno yanayouzwa kwa njia ya halali yakashuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani.

Miti haikufa yote. Kilichokufa ni njia ya soko. Pande za ziwa, watu walianza kumenya kahawa nyumbani, kuikausha haraka, na kuvuka nayo usiku kwenda Rwanda, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 2000 vituo vya kuosha kahawa vilikuwa vinajengwa kwa wingi. Mitumbwi ilijazwa kupita kiasi, na upepo wa Ziwa Kivu hauonyi. Wanaume wengi walizama na mizigo yao, na vijiji vya kandokando vikabaki na wajane. Wengine walirudi na sabuni, chumvi na nguo tu, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo alijua hawawezi kurudi na mzigo.

Njo maana tunasema: kuosha kahawa karibu na shamba si mambo ya ufundi tu. Kwa familia nyingi ni mambo ya uhai.

Kilo 100 za matunda: hesabu ya kawaida

Tuanze na uzito, kwa sababu uzito haudanganyi. Ukivuna kilo 100 za matunda mekundu ya Arabika:

– ukimenya, ukaosha na kukausha vizuri, unabaki na kilo karibu 20 za parshi;
– ukikoboa hiyo parshi, unapata kilo karibu 16 za kahawa ya kijani;
– ukiikaanga, maji mengine yanatoka, unabaki na kilo 13 hivi za kahawa tayari kwa kunywa.

Namba hizi zinaweza kupanda ao kushuka kidogo, kufuatana na mvua na vile matunda yalivyoiva, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Sasa tuweke bei. Bei za kijijini tunazotumia hapa ni za mfano tu, weka zile za kwenu. Tuseme mnunuzi wa njiani anakununulia parshi uliyoitengeneza nyumbani kwa dola 1 na nusu kilo moja. Kwa kilo 20 unapata dola 30, na umekwisha kufanya kazi ya kumenya kwa jiwe, kuosha na kuanika. Tuseme kituo cha kuosha kinanunua tunda jekundu kwa senti 40 za dola. Kwa kilo 100 unapata dola 40 siku ile ile, na hujakesha usiku ukimenya.

Tuangalie upande wa meli. Tangu Agosti 2023, bei ya chini kabisa ya Fairtrade kwa Arabika iliyooshwa ni dola 1,80 kwa kila ratili, yaani karibu dola 3,97 kwa kilo ya kijani. Kilo 16 zinakuwa dola 63 na nusu. Juu yake inaongezwa senti 20 kwa ratili kwa ajili ya kazi za pamoja za koperative: hiyo ni dola 7 zaidi. Jumla, dola 70 hivi.

Kati ya zile 40 na zile 70, kuna dola 30. Hizo si za bure. Zinalipa wafanyakazi wa kituo, maji, meza, magunia, gari, ukoboaji, hati za kuuza nje, kodi na riba ya mkopo. Lakini kama koperative inasimamiwa vizuri na barabara si mbaya sana, kuna kitu kinabaki. Hicho kinachobaki njo ubishi wote wa kahawa.

Kituo cha kuosha kinafanya nini hasa?

Mtu anaweza kuuliza: mimi pia najua kumenya na kuosha, kwa nini kahawa ya kituo iuzwe bei zaidi? Jibu liko katika hatua zenyewe.

Kwanza, kituo kinapokea matunda mekundu tu, siku ile ile ya kuvuna. Tunda la kijani halijajaza sukari; tunda lililolala kwenye mfuko limeanza kuchacha. Pili, matunda yanamwagwa majini. Yale yanayoelea ni mapesi, yameliwa na wadudu ao hayakujaa, na yanatolewa kando. Tatu, mashine inamenya ganda jekundu bila kuvunja mbegu. Nne, mbegu zinalala ndani ya tangi saa 12 hadi 36, kufuatana na baridi ya mahali, mpaka ule utelezi uachie. Tano, zinaoshwa kwa maji safi katika mfereji, na mfereji wenyewe unatenga mbegu nzito na nyepesi.

Halafu inakuja kazi ndefu: meza. Parshi inaanikwa juu ya meza zilizoinuliwa, si chini, kwa siku 10 hadi 20. Inageuzwa kila mara, inafunikwa wakati wa jua kali na wakati wa mvua, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 ao 12. Wakati huo wote, akina mama wanapita mikono juu ya meza wakitoa mbegu zilizovunjika, nyeusi na zilizotobolewa.

Kahawa iliyomenywa nyumbani kwa jiwe na kuanikwa chini juu ya udongo inachukua harufu ya pale ilipolala. Mbegu nyingine zinapasuka, nyingine zinaoza ndani. Kila familia inakausha kwa namna yake, na mnunuzi akichanganya mifuko ya familia 50, hawezi kujua anauza nini. Kwa hiyo analipa bei ya ile mbaya kuliko zote. Mlimaji anayechagua vizuri analipwa sawa na yule anayechanganya mawe.

Wanunuzi wa ng'ambo wanaonja kahawa na kuipa alama juu ya 100. Kahawa yenye alama 80 na zaidi inahesabiwa kuwa ya kipekee, na bei yake inazungumzwa nje ya bei ya kawaida ya soko la New York. Kahawa nyingi za Kivu zilizooshwa vizuri zimefika hapo na kupita. Yale mashindano ya kuonja ya Saveur du Kivu yamesaidia wanunuzi kuona hayo kwa ulimi wao wenyewe.

Mdudu mmoja anayeharibu kazi ya wote

Kuna kasoro moja ambayo Kivu inashirikiana na Rwanda na Burundi: kikombe kinanukia kiazi kibichi. Mbegu moja tu inaweza kuharibu kikombe kizima. Kasoro hiyo inahusishwa na mdudu wa antestia, anayetoboa tunda lingali mtini. Kwa macho, mbegu hiyo haionekani kila mara.

Dawa yake ya kwanza iko shambani: kupogoa miti ili mwanga uingie, kuokota wadudu, kutoacha matunda ya zamani juu ya matawi. Ya pili iko kwenye maji, kutoa yale yanayoelea. Ya tatu iko kwenye meza, kwa mikono na macho. Yaani thamani inayopatikana kituoni inaanzia mtini. Kituo hakiwezi kutengeneza kile ambacho shamba limekwisha kuharibu.

Koperative: mkono mmoja hauchinji ng'ombe

Mlimaji wa Kivu mara nyingi ana miti mia chache tu. Peke yake hawezi kununua mashine, wala kujaza kontena. Njo pale koperative inapoingia. SOPACDI ilianzishwa mwaka 2003 pande za Minova, ikaunganisha walimaji wa makabila mbalimbali baada ya vita, ikajenga kituo cha kuosha na kupata alama ya Fairtrade. Baada yake zikaja nyingine: Muungano kule Kalehe, CPNCK kule Idjwi, Kawa Kanzururu kwenye mitelemko ya Ruwenzori, Kawa Kabuya pande za Lubero. Zote zilijaribu kujibu swali moja: namna gani kazi ya kuosha ifanyike hapa, na faida irudi hapa?

Faida hiyo inarudi kwa njia tatu. Ya kwanza ni bei ya tunda siku ya kupima. Ya pili ni malipo ya mwisho wa kampanye, wakati kahawa imekwisha kuuzwa na gharama zimetolewa. Ya tatu ni kazi: vijana kwenye mashine, akina mama kwenye meza. Kwa mjane asiye na miti mingi, siku za kuchambua zinaweza kumletea makuta kuliko shamba lake lenyewe.

Lakini tusifiche udhaifu. Wa kwanza ni makuta ya mkononi. Mlimaji ana deni, mtoto amefukuzwa shule, na mnunuzi wa njiani amesimama mlangoni na franga. Mara nyingine alikwisha kulipa tangu kahawa ingali maua, kwa bei ndogo sana. Koperative isiyo na makuta tayari mwanzoni mwa mavuno inapoteza matunda, hata kama bei yake ni nzuri kwenye karatasi. Hali imekuwa ngumu zaidi tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma: kituo cha kuosha hakinunui matunda kwa ahadi.

Wa pili ni kituo kupokea matunda machache. Mlinzi, fundi na mkopo wanalipwa hata kama tangi liko nusu. Kituo kinachopata nusu ya matunda yake kinakula ile faida yote tuliyohesabu.

Wa tatu ni bei ikipanda sana. Februari 2025, bei ya Arabika kule New York ilivuka dola 4 kwa ratili. Ni habari njema kwa mlimaji. Lakini wakati kama huo kila mnunuzi anachukua kila kitu, kizuri na kibaya, na tofauti kati ya kawa iliyooshwa na ile ya jiwe inapungua. Wanachama wanauza pembeni. Halafu bei ikianguka, wanarudi wanakuta kituo kimefunga. Mwenye kuuza pembeni mwaka wa bei nzuri anakata tawi alilokalia.

Kwa nini tusikaange hapa hapa?

Swali hili linakuja kila mara kwenye emisyo zetu za kilimo, na ni swali zuri. Kama kilo 13 za kahawa iliyokaangwa zinauzwa, kwa mfano, dola 10 kilo moja, hizo ni dola 130. Mbona tunauza kijani kwa dola 63?

Watu wengi wanadhani Ulaya inazuia kwa kodi ya forodha. Kwa nchi nyingi kodi hiyo iko kweli, lakini Kongo, kwa kuwa iko kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo madogo, inaruhusiwa kuingiza kahawa Ulaya bila kodi hiyo, hata iliyokaangwa. Kizuizi kikubwa ni kingine: wakati. Kahawa ya kijani ikihifadhiwa vizuri inavumilia miezi mingi. Iliyokaangwa inapoteza harufu yake ndani ya wiki chache. Barabara ya kwetu, mpaka, bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, halafu bahari: ikifika, imekwisha kuzeeka. Tena wenye viwanda kule wanachanganya kahawa za nchi mbalimbali kufuatana na ladha ya wateja wao.

Kwa hiyo soko la kwanza la kahawa iliyokaangwa ni hapa: Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani, Kinshasa. Mahoteli, maofisi, wasafiri, na nyumba zetu wenyewe. Ni jambo la kushangaza kwamba katika nyumba nyingi za walimaji wa kahawa wananunua ya unga wa kopo kutoka nje, na ile ya shamba wanaiona kama ya kuuza tu. Wapo watu mijini waliokwisha kuanza kukaanga na kuweka mu pakiti, na inaendelea. Lakini mwenye kuanza ahesabu mashine, umeme ao makaa, mifuko isiyopitisha hewa, na zaidi ya yote wateja. Kukaanga kilo 13 ni rahisi. Kuuza kilo 13 kila wiki, mwaka mzima, njo kazi.

Ukweli ni kwamba kwa mlimaji wa kawaida, hatua inayolipa haraka si kukaanga. Ni kuvuna jekundu, kuosha vizuri, kukausha juu ya meza na kuchambua.

Na wenye Robusta?

Pande za chini za Beni, Mambasa na sehemu nyingine za Ituri, kahawa ni Robusta, na kwa kawaida haioshwi. Inakaushwa na ganda lake lote. Hapo pia thamani ipo. Kuvuna iliyoiva badala ya kukamua tawi zima, kuanika juu ya turubai ao meza badala ya barabarani, kutouza ingali mbichi kwa sababu mnunuzi anakata uzito namna anavyotaka. Koperative yenye mashine yake ya kukoboa inauza mbegu, haiuzi maganda, na mlimaji anarudi na maganda yake kwenye shamba.

Maganda na maji: mali nyingine, hatari nyingine

Karibu nusu ya uzito wa tunda ni ganda jekundu. Likirundikwa, likachanganywa na majani na samadi, likageuzwa, baada ya miezi linakuwa mbolea nzuri. Kituo kinachotupa maganda kinatupa mali.

Lakini maji ya kuoshea, yenye sukari na uchachu, yakimwagwa moja kwa moja mtoni yanaua samaki na kuharibu maji ya wanaochota chini. Kila kituo kinahitaji mashimo ya kutulizia maji kabla hayajaachiliwa. Wakaaji wa jirani wana haki ya kuuliza mashimo hayo yako wapi.

Maswali matano kabla ya kupeleka matunda

Kampanye ikikaribia, mwanachama anaweza kusimama katika mkutano na kuuliza bila woga:

1. Mwaka jana tulipeleka kilo ngapi za matunda, na zilitoa kilo ngapi za parshi? Kama kilo 100 zilitoa chini sana ya 20, kuna kitu kilipotea.
2. Kahawa iliuzwa bei gani, na gharama zilikuwa nini, moja moja?
3. Malipo ya pili yatalipwa lini, na yataandikwa wapi?
4. Ile nyongeza ya kazi za pamoja ilifanya nini, na nani alipiga kura?
5. Mashamba yetu yameandikishwa na vipimo vyake? Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya misitu inataka kila shamba lijulikane liko wapi. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini asiyeandikishwa anaweza kukuta mlango umefungwa.

Na swali moja la nyumbani: makuta ya kahawa yanapofika, nani anayapokea? Mama anapalilia, anavuna, anabeba mgongoni mpaka kituoni, anachambua. Kadi ya mwanachama ikiwa na jina la bwana peke yake, faida yote tuliyohesabu inaweza kupita juu ya kichwa chake. Baadhi ya koperative zimeanza kuandikisha wanawake kwa jina lao na kuwalipa mkononi mwao. Ni hesabu rahisi kuliko zote za makala haya.

Kwa hiyo kesho ukiulizwa "kawa iko bei gani?", jibu kwanza: ipi? Ile ya mtini, ile ya jiwe, ao ile ya meza? Kahawa ni ile ile, mlima ni ule ule. Tofauti ni mikono iliyoifanyia kazi, na pahali faida inapolala usiku.